Malisho ya Maji Baridi

Mama ndiye aliyenituma Dubai. Alisimama katikati ya sebule yake kule kwetu juu ya Kapsabet, akaitazama sakafu, akasema, "Nyumba hii ni safi mno. Nenda ukamwambie Kibet hivyo." Nilicheka. Huyu ni mama aliyetulea kwa ufagio, aliyetufukuza mlangoni tukija na tope, na leo analalamikia usafi! Lakini yeye hakucheka.

Kibet ni kitinda mimba wetu. Aliondoka akiwa kijana mwembamba asiye na ndevu, na tangu hapo hakurudi. Hata Baba tulimzika yeye akiwa kwenye simu. Vitu alituma: mabati, tangi la maji, makochi ambayo hayakaliwi na mtu. Mara hii, baada ya kubembelezwa sana, alikubali kuomba likizo. Mimi niende nimtembelee kidogo, kisha turudi pamoja kwa ndege moja. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kumrudishia mama yangu mtoto wake.

Alfajiri ya kuondoka nilikamua kwanza. Umande ulikuwa mwingi na vidole vilikufa ganzi, nikawaaga ng'ombe wangu kana kwamba nahama. Ndani ya sanduku nilitia chupa ya mursik, maziwa yetu ya kibuyu, nikaiviringisha kwa nguo zangu za ndani ili mkaguzi aone haya kuichokonoa. Ilifika salama.

Uwanja wa ndege wa Dubai, mchana wa siku ya pili, nilipokelewa na tumbo, na nyuma ya tumbo akaja Kibet.

"Sista! Kumbe umezeeka hivi?"

"Na hilo tumbo ni la nani?"

Tukakumbatiana pale pale, tukalia bila kujali watu. Nje joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya githeri. Njiani aliniuliza habari za kila ng'ombe kwa jina, hata wale waliokwisha kufa zamani, nami sikuwa na moyo wa kumwambia yote kwa mara moja.

Al Nahda, jioni hiyo, nilikaribishwa katika nyumba wanayokaa kwa kugawana vyumba. Mwenzake Juma, Mtanzania wa Tanga, ambaye ni fundi wa mitambo ya kupoza maji kazini kwao, alikuwa amekwisha kupika wali wa nazi.

"Karibu sana dada yangu, pole na safari," alisema Juma. "Mlazimishe na huyu bwana ale. Tangu juzi chakula anakitazama tu."

Kibet alisukuma sahani. "Likizo imesimama, sista. Kuna maji nimeharibu kazini. Madam, bosi wetu, amesema siendi popote mpaka yarudi sawa."

Nilimwona Mama akilini, mlangoni, akichungulia nyuma yangu na kukuta hakuna mtu. Lakini kilichoniudhi ni nafuu niliyoisikia katika sauti ya ndugu yangu.

"Pengine ni afadhali," akaendelea. "Nikija nyumbani ni kuchinjiwa, ni wageni, ni kelele. Nikiwa huku mnapumua."

Nilianza kukusanya sahani. Ningefungua mdomo ningemchapa, na alikuwa amenizidi kimo.

Dubai Silicon Oasis, asubuhi iliyofuata, niliyaona hayo maji. Miaka yote nilijua Kibet anafanya kazi ya mambo ya bahari, nikadhani anauza samaki. Alikuwa ameniombea ruhusa ya kuingia. Tulitoka kwenye jua linalochoma, tukafika kwenye mlango mzito, na Juma akanivika koti la pamba lililonifika magotini. Ndani kulikuwa na baridi. Baridi yenyewe, ile ya kwetu ya saa ya kukamua, inayokaa puani. Nilisimama nikaivuta, machozi yakanilenga, na nilipomtazama Kibet akasema, "Hata mimi. Ndiyo maana sijawahi kuiacha hii kazi."

Ilikuwa maabara ya utafiti wa bahari, na mle walikuwa wameweka matangi marefu ya vioo yenye maji kama ya bahari za kaskazini, kule kunakoelea barafu. Kibet alinipeleka kwenye tangi dogo la pembeni, akawasha taa hafifu. Vidudu visivyozidi punje ya mchele, vyeupe, vyenye masharubu marefu, vilikuwa vikirukaruka majini.

"Hii ndiyo mifugo yangu," alisema. "Wanakula majani ya baharini, madogo sana, huyaoni kwa macho. Unaona tu maji yamekuwa ya kijani. Usiku wanapanda juu kulisha, kukicha wanashuka chini. Ni kama ng'ombe wa Baba, ila hawa wamegeuza saa."

"Na ulichoharibu?"

Akanionyesha tangi kubwa. Maji yake yalikuwa meupe, safi kabisa, na chini kumelala utandu wa rangi ya chai iliyochacha.

Alinieleza akiwa ametazama chini. Aliona ule ukijani unapungua, akasema moyoni, malisho yamechoka. Akafanya alichofanya Baba kila kiangazi na shamba la bondeni. Aliwatoa mifugo wote, akawahamishia tangi la pembeni, ili malisho yapumzike. Mwanzoni maji yalinawiri yakawa ya kijani kibichi, akajisifu. Kisha yakapauka, yakafifia, majani karibu yote yakazama yakafa. Nilitaka kumcheka nikashindwa, kwa kuwa hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Mtoto gani wa kwetu angefanya vingine?

Madam aliingia tukiwa hapo, mama wa makamo aliyezaliwa katika nchi za baridi, koti lake limefunguliwa vifungo kama yuko ufukweni. Nilidhani atafoka. Alinipa mkono, akavuta kiti, akaeleza, Kibet akinitafsiria.

Yale majani hula mbolea iliyomo majini, na mbolea hiyo ina mwisho. Yakiachwa peke yake hujaa upesi, huimaliza yote, kisha hufa njaa. Vile vidudu vinapoyala, mkojo wao huirudisha mbolea pale pale juu, na majani mengine huota. Mavi yao ni habari nyingine. Huzama kama punje, na katika maji baridi mambo huoza polepole, kwa hiyo mengi hufika chini kabisa kabla hayajaliwa. Huko mbolea hukaa mpaka dhoruba za majira ya baridi ziikoroge bahari na kuipandisha tena. Yeye alitaka kujua kiasi gani hubaki juu na kiasi gani huzama, ndiyo maana alikataza kuongeza mbolea wala kugusa kitu.

"Nilimwambia aangalie tu," alisema Madam kupitia kinywa cha yule yule mkosaji. Kisha akamgeukia. "Kibet, nyumbani kwenu mboga huota vizuri zaidi wapi?"

"Boma la zamani," alijibu haraka.

Nasi sote wawili, kimawazo, tukawa tumeondoka Dubai. Baba alikuwa akihamisha boma la ng'ombe kila baada ya muda, na pale walipotoka ndipo palipoota managu, ile mboga chungu ya kienyeji, ya kushinda kimo chetu. Tulitumwa na vikapu, Kibet akiwa mgongoni kwangu, miguu yake midogo ikinipaka tope la samadi kiunoni. Tukirudi, Mama anatusubiri mlangoni na ufagio wake. Jamani, nilikumbuka hata harufu.

Ndipo nilipompa ujumbe niliotumwa. "Mama amesema nikwambie nyumba yake ni safi mno."

Kibet alilitazama lile tangi jeupe.

"Nilidhani nawapumzisha," akasema.

"Tumepumzika vya kutosha."

Madam hakuelewa Kiswahili, lakini aliinuka akatuacha. Mlangoni akasema, "Yalla, Kibet. Warudishe." Nilikaa na koti langu nikimtazama ndugu yangu akivichota vidudu vyake kwa kikombe, taratibu, akivimimina bila kuvishtua. Kwa ruhusa ya Madam, Juma alikuja akakoroga utandu wa chini kwa bomba la hewa, badala ya dhoruba. Maji yakachafuka.

Al Rigga, siku yangu ya mwisho, Kibet alinipeleka kununua mtandio wa Mama. Maji yalikuwa bado hayajageuka rangi, na viza yangu ya matembezi ilikuwa inaisha. Nilimsihi aniache nimwombee ruhusa kwa Madam. Akakataa. "Nikitoka sasa nitakuwa nimewaacha mara ya pili," alisema. Nikaona ni kweli, na ilinichoma hivyo hivyo. Uwanjani alinishika mkono mpaka askari akakohoa. "Mwambie Mama asipalilie boma la zamani," akasema. "Managu nitachuma mwenyewe, inshallah."

Nilirudi Kapsabet peke yangu. Mama alichungulia nyuma yangu, kama nilivyojua atachungulia. Nilimpa mtandio na maneno ya Kibet. Aliukunja mtandio bila kuujaribu, akaenda kufagia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mpaka hapo nilikuwa nikiamini kama Kibet, kwamba watoto wakienda mbali wanampunguzia mama mzigo. Sasa naona mama hafugwi kwa kupumzishwa.

Mvua za masika zilipoanza, picha iliingia kwenye simu ya Mama. Ilikuwa kioo cha tangi, maji ya kijani mpaka huoni upande wa pili. Mama aliigeuza huku na huku akauliza ni uji gani huu. Wiki hiyo mbwa walibweka, na mtu mwenye tumbo akapanda kilima kwa miguu kwa sababu pikipiki ilikwama. Hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia boma la zamani, akaingia sebuleni na managu mikononi, viatu vyake vimebeba nusu ya shamba, akakaa kwenye kochi.

Nilikimbilia ndoo na tambara. Mama alinishika kiwiko. Alikuwa anazitazama zile nyayo za tope kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi.

"Acha," akasema. "Usipige deki leo."