Mageti ya Depo na Safari ya Mama

Mtu aliyetoka Bukavu kwa mguu, akavuka mipaka hata hesabu ikampotea, akafikishwa mahali palipokuwa gereza na kuambiwa hapa njo kwako sasa, hapa ndipo nyumbani, hakuna kitu kinaweza kumshangaza tena. Mi ni mtu huyo. Vijana wa soudure, wachomelea vyuma wa kambi hii ya Dzaleka, mmeniomba nieleze kazi ilivyokuwa wakati wetu. Nimekubali kuandika, mimi niliyeishia darasa la tatu, kwa sababu naona ninyi wenye sekondari mnashindwa kunyoosha mlango uliopinda. Nitaeleza kazi. Lakini mjue tangu sasa kwamba kazi kubwa kuliko zote nilizofanya, mageti ya depo ya mabasi mjini Lilongwe, njo iliyoniachanisha na mama yangu, na siwezi kueleza moja nikaruka nyingine.

Siku ya kwanza kushika bageti, yaani kile kijiti kinachoyeyuka na kuunganisha vyuma viwili, ilikuwa hapa kambini, kwenye kibanda cha Mrundi mmoja tuliyemwita Fundi Mkubwa. Wakati ule hakuna mwingine kwa upande wetu aliyekuwa na poste, mashine ya kuchomelea. Alinipa kioo cheusi akaniambia nisiangalie ule mwanga kwa jicho tupu hata mara moja. Niliangalia. Nilitaka kujua. Jioni macho yangu yalikuwa kama yamejazwa mchanga, na Mama akakata kiazi kibichi vipande vipande akanibandika, huku akisema kwamba baba yangu naye alikuwa hivyohivyo, anaambiwa sumu anataka kuonja. Kesho yake nilirudi kazini. Miezi sita nilipiga rangi na kusugua kutu. Mwezi wa saba Fundi Mkubwa aliangalia kiungo nilichochomelea, akakipiga nyundo, hakikupasuka, akakipiga tena. Halafu akasema, "Wewe una mkono. Kichwa sijui, lakini mkono unao."

Nilifanya madirisha, vitanda, milango ya makanisa. Kanisa lenye mlango wangu, mpaka leo mlango wake unafunga kwa kidole kimoja. Nendeni mjaribu.

Baadaye nikapata kazi Kanengo, upande wa viwanda Lilongwe, kwenye karakana ya kutengeneza matrela ya kubebea tumbaku. Kutoka kambini kulihitaji karatasi ya ruhusa, na siku nyingine karatasi haikupatikana na nilikwenda hivyohivyo, roho mkononi. Mkubwa wa pale alikuwa Mmalawi mnene, mpole, tukimwita Supavaiza. Yeye njo alinifundisha ekeri, kile chuma cha pembe cha kuhakikisha kona imekaa sawa, maana mpaka hapo nilikuwa napima kwa jicho. Neno lake lilikuwa moja: "Chuma hakisikii samahani." Ukikikata kifupi, ni kifupi mpaka mwisho wa dunia. Kulikuwa na vijana wenye vyeti vya ufundi, lakini trela likipasuka shingo, Supavaiza alikuwa hamwiti mwenye cheti. Alikuwa anasema, mwiteni Mkongomani.

Sifa hiyo njo iliyonifikisha depo.

Depo ile ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye mabasi ya mbali, upande wa Old Town. Wakati huo ilikuwa fujo tupu. Basi lilikuwa linangoja lijae, hata kama ni mpaka mchana. Msafiri mmoja alikuwa anaingia na ukoo mzima: shangazi, majirani, mchungaji, wauza mayai nyuma yao, na wezi nyuma ya wauza mayai. Tajiri alitaka depo ya kisasa, yenye paa, viti, dirisha la tiketi, saa ya kuondoka iliyoandikwa ubaoni, na mageti yanayopitisha mwenye tiketi peke yake. Alimleta Injinia, kijana wa Blantyre mwenye miwani na karatasi ndefu zilizokunjwa.

Injinia aliniambia mageti ya kuagiza nje bei yake inaliza. Akauliza kama naweza kutengeneza ya kuzunguka. Nilimjibu naweza kabla hajamaliza kuuliza. Sikuwa nimewahi kuligusa hata moja.

Sasa sikilizeni akili. Nilinunua gurudumu la nyuma la kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, nikapasua kitovu chake. Ndani mna meno, na juu ya meno mna vilimi viwili vya chuma. Upande mmoja vinateleza, upande mwingine vinakwama. Nikakaa chini nikaangalia kitu kile kama mtu anayesoma barua. Halafu nikatengeneza ya kwangu, kubwa, kwa chuma cha springi za lori. Nikaweka mikono mitatu ya bomba juu ya beringi, na chini pedali. Mlinzi anapasua tiketi, anakanyaga pedali, mkono unaachia mtu mmoja, kisha unajifunga wenyewe. Kurudi nyuma haiwezekani. Nilitengeneza manne. Injinia alizungusha la kwanza, akavua miwani, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa kabaza.

Lakini kwenye karatasi yake alikuwa amechora kitu kimoja zaidi, mlango mdogo pembeni mwa mageti. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema ni wa wasindikizaji, wapewe kadi, waingie dakika chache, watoke. Mimi niliona mlango ule kama doa kwenye kazi yangu. Mtu atengeneze mageti ambayo hata kuku hapiti bure, halafu pembeni kuwe na mlango wa kusukuma kwa mkono?

"Bosi," nilimwambia, "mwizi hana tiketi, lakini kila mwizi ana mjomba anayesafiri."

Alicheka sana. Akachukua penseli, akaupiga mlango ule msalaba. Mwezi mzima nilikuwa narudia neno hilo kambini, kila kibanda, na watu walicheka kila mara.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anachambua maharage. Akauliza, "Na siye benye kusindikiza?"

Nikamwambia mjini bantu banaagana inje ya geti.

"Kwetu," akasema, "benye kuagana inje ni benye bamegombana."

Nieleze hapa kwa ajili ya ninyi mliozaliwa kambini. Nyumbani kwetu msafiri hatupwi mlangoni. Unaingia naye ndani ya gari, unamtafutia kiti, unaweka mzigo chini ya miguu yake, mnaomba pamoja. Na kama anayeondoka ni mzazi, anaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake pale pale alipoketi, anasema maneno yake, na mtoto anashuka wa mwisho. Haifanywi uani, haifanywi njiani. Inafanywa kwenye kiti cha safari. Babu alimfanyia hivyo baba yangu ndani ya lori la chumvi. Mtoto asiyewekewa mkono, kwetu anahesabiwa kwamba hajaagwa.

Miaka miwili baada ya mageti, Mama alianza kusema anataka kurudi. Alikuwa na dada yake aliyebaki Bukavu, na shamba la migomba ambalo hakujua kama bado ni letu. Nilikataa, nikasema vita, nikasema mwili wake. Akaniambia hataki kuzikwa Dowa, wilaya hii ya kambi yetu. Nikakubali. Nilimpata jirani yetu wa kanisani aliyekuwa anarudi Uvira, nikawakatia tiketi mbili mpaka Karonga, mpakani watatafuta gari la Tanzania. Mama alisema jambo moja tu kuhusu safari hiyo: mkono wake ataniwekea ndani ya basi, na nisifike nimechelewa kama kawaida yangu.

Sikuchelewa. Tulifika depo asubuhi, basi limeegeshwa, saa ya kuondoka imeandikwa. Jirani alipita getini, halafu Mama. Mlinzi alikanyaga pedali, mkono ukazunguka, hata sauti haukutoa. Mama aligusa lile bomba akageuka kuniangalia, na niliona kwamba alijivuna kwa ajili yangu. Mzigo wake ulikuwa mikononi mwangu.

"Tangulia, Mama," nilimwambia. "Niko nyuma yako." Tiketi sikuwa nayo, lakini niliamini hakuna atakayemzuia aliyetengeneza mageti.

Mlinzi akaninyooshea mkono, anataka tiketi. Alikuwa mtu wa umri wangu, mtulivu. Nilimwambia sisafiri, nasindikiza. Akasema wasindikizaji hawaingii. Nikamwambia, kwa Chichewa changu kibovu, kwamba mageti haya nimeyatengeneza mimi.

"Bambo," akasema, yaani baba, "wiki hii wewe ni wa tatu."

Watu wa nyuma wakacheka. Mmoja akasema hata yeye aliyatengeneza, ila amesahau bisibisi nyumbani. Mlinzi hakunitukana. Alionyesha dirisha la tiketi, akasema nikate hata ya karibu, ataniachia nipite. Foleni ilikuwa na watu kama wanane.

Vijana, hapa njo mahali penyewe. Ningekwenda kwenye foleni ile, ningewahi. Lakini mimi, kulipa ili nipite kwenye geti langu? Nilisimama nikamweleza mlinzi habari za beringi. Nilimweleza vile vilimi, springi za lori, nikamwonyesha hata kiungo nilichokirudia mara mbili. Nikampigia Injinia simu aje aseme mwenyewe, simu ikawa haipatikani. Mchukuzi akaja akachukua mzigo kwa juu ya geti, akampelekea Mama. Nilimwona Mama dirishani, anaangalia upande wa mlango wa basi, si upande wangu. Ananingoja niingie.

Halafu honi ikalia. Zamani basi lingengoja. Depo ya kisasa inafuata saa.

Nilikimbia mpaka dirisha la tiketi, nikapita watu wote, wakanitukana na nikastahili. Mwanamke wa tiketi akauliza ninakwenda wapi. Nikasema popote. Akanipa ya Lumbadzi, hapo karibu tu. Mlinzi akaipasua, akakanyaga pedali, nikapita. Kwenye nafasi ya basi palikuwa na doa la mafuta na maganda ya ndizi.

Mama alifika Bukavu. Aliishi kwa dada yake miezi mitano, akafa. Aliyepiga simu alisema mwishoni alikuwa anauliza kama nilikuwa nimegonjwa siku ile, ndiyo maana sikuingia. Walimwambia ndiyo.

Nimeacha kazi sasa, si kwa uzee, ni macho. Nina nyumba ya matofali, mabati, sakafu ya simenti. Mageti yangu yote manne bado yanazunguka, na Injinia aliyekuja baadaye aliyapaka rangi tu, hakugusa ndani. Kazi ile ilinilipa vizuri na sidanganyi. Mnaniuliza kila siku depo ilinipa kiasi gani, na mi napenda kuwatajia. Nilichotoa mimi, hakuna aliyeniuliza. Nilitoa mara moja, dirishani, kwa ajili ya Lumbadzi ambako sikwenda: kwacha mia nne na hamsini.