Kuku wa Mama Romana Kwenye Lango la Katavi

Jua halijachomoza vyema, na ukungu mwepesi ungali umeulalia Mto Katuma pale Sitalike, lakini Gaspar amekwisha kuvifuta vumbi viti vya gari mara mbili. Amevaa shati la kanisani. Leo si siku ya jembe wala panga. Mtu huyu ambaye kazi yake ni kufyeka na kutengeneza njia za Hifadhi ya Taifa ya Katavi anaingia humo akiwa mgeni, pamoja na mkewe Suzana, binti yao Pelagia, na mama yake mzazi, Romana, ajuza wa miaka sabini na mitatu.

Mapajani pa ajuza huyo kanga iliyofungwa fundo inatikisika. Ndani yake mna kuku jike, mzima, mwenye manyoya meupe.

Langoni, askari aitwaye Yotham anamwamkia kwa heshima, kisha anaeleza kwa upole kwamba mfugo hauruhusiwi kuingia hifadhini, usije ukawaletea wanyamapori maradhi. Gaspar anainamisha uso. Hakujua kwamba mama yake amekuja na kuku. Naye amemwona sasa hivi tu, kanga ilipofunguliwa mbele ya watu.

“Mimi sijaja kutembea,” Romana anamwambia askari. “Nimekuja kumaliza maneno. Sasa nyie mnataka niyamalize mikono mitupu?”

Ili kuyaelewa maneno hayo, yapasa kurudi nyuma miaka kumi na moja, kijijini Kibaoni, upande wa pili wa hifadhi. Msimu huo mpunga wa Romana ulikuwa umeinamisha vichwa, tayari kwa mundu, tembo walipoingia usiku wakazimaliza ekari zake mbili. Alikuwa mjane, na mpunga ule ndio uliokuwa chakula chake na ada ya mwanawe wa mwisho. Kijana huyo aliacha shule na hakurudi tena.

Mwaka uliofuata, Gaspar akapata kibarua hifadhini. Alifyeka mikuza, yaani njia pana za kuzuia moto, akazibua makalavati na kubeba mawe mabegani mpaka ngozi ikachubuka, na baada ya misimu minne akaajiriwa. Suzana alishukuru Mungu. Mama akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikomuumiza Gaspar kuliko mawe. Barabara kuu ya kutoka Mpanda kwenda Kibaoni inapita katikati ya hifadhi, na mara nyingi yeye na wenzake huwa kando yake wakifyeka. Basi la mama lilipopita, alisimama na kuinua mkono. Ndani ya basi, Romana aliinamisha macho.

“Sikuwahi kumlaumu,” anasema Gaspar. “Kwake, mimi nilikuwa nimeajiriwa na waliokula mpunga wetu.”

Kwa hiyo Romana alipokubali ghafla kuja Sitalike na kuingia hifadhini, hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Langoni ndipo ilipodhihirika. Katika ukoo wake, anayekwenda kumaliza ugomvi hutangulia na kuku, na kuku huyo harudi nyumbani na aliyemleta.

Dereva wao, Mabula, Msukuma wa Mwamkulu ambaye kwa miaka mingi ametaniana na familia hiyo, ndiye wa kwanza kusema.

“Mama, ugomvi wa ekari mbili unaumaliza kwa kuku mmoja? Kwetu tungeleta ng’ombe.”

“Nyie mngeleta ng’ombe,” anajibu Romana, “halafu mngewaachia wale nyasi humo humo.”

Yotham anacheka hadi anashika ukuta. Kisha anampokea kuku kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu amana, na kumfunga kwa kamba kivulini, nje ya lango. Kuku amefika kwa mwenyeji, ila hakuingia. Romana analipima jambo hilo kwa muda, kisha anaafiki.

Gari linashika njia ya vumbi kuelekea Ikuu, ndani zaidi ya hifadhi. Ni kiangazi, na mto umebaki vidimbwi. Viboko wamerundikana topeni, mgongo kwa mgongo, wakigombana na kukoroma. Pelagia anauliza kama huwa wanaoga kwa zamu. Romana hatazami viboko. Anatazama njia. Penye kivuko cha mawe, mahali ambapo masika maji hupita juu, anamwomba Mabula asimame.

“Mawe haya nani kayapanga?”

Gaspar anasita kabla ya kujibu kwamba ni yeye na wenzake. Mama yake, aliyejenga matuta ya majaruba ya mpunga tangu utotoni, anayakagua kwa macho kutoka dirishani: yalivyoshikana, yalivyoachiwa mwanya wa maji.

Wakiwa hapo, tembo wanatokea. Wa mbele ni jike mzee, sikio moja limechanika, na nyuma yake majike wengine na ndama. Mabula anazima injini. Wanakuja taratibu mpaka kwenye kivuko, na kuanza kupita juu ya mawe, mmoja baada ya mwingine. Suzana amemshika bintiye mkono. Romana anafanya ishara ya msalaba, kisha, kwa sauti ya chini na iliyotulia, anamsemesha yule jike mzee kama amsemeshavyo jirani.

“Ulikula mpunga wangu. Mtoto wangu mmoja akakosa shule kwa ajili yako. Huyu mwingine, huyu hapa, ndiye anayekutengenezea njia. Basi pita humu. Humu ndimo kwako. Kwangu usije tena.”

Tembo anapita. Gaspar amegeukia upande wa pili, akijipangusa uso kwa mkono wa shati lake la kanisani. Katika miaka yote hiyo, hajapata kumsikia mama yake akimtaja kwa kazi yake.

Adhuhuri wanakula wali na samaki mahali palipotengwa kwa wageni. Romana anamsimulia mjukuu wake habari za kivuko kana kwamba alikuwapo siku mawe yalipopangwa. Jioni langoni, Yotham anawaonyesha yai alilotaga kuku. Pelagia anataka walichukue. Bibi yake anakataa katakata.

Gaspar ana azma ya kuwaleta akina mama wa jumuiya ya Kibaoni, ambao nao mashamba yao yaliliwa, wakione kivuko hicho kabla ya mvua. Lakini tumaini lake la karibu ni dogo zaidi. Jumatatu mama yake anarudi kwao, na Gaspar amepangiwa kufyeka kando ya barabara kuu. Alipomweleza hayo kwa kusitasita, Romana alikuwa akikunja kanga iliyobaki tupu.

“Nitakaa dirishani,” alisema. “Nawe vaa shati safi. Nitakuonyesha kwa basi zima.”