Kwa Ge, Si kwa Ke

Saa tisa na dakika kumi na saba alasiri, Jumamosi, gari la mashemeji zangu lilisimama kwenye robot ya kona, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kupaka gundi kwenye kochi la mteja, na gundi ile hupimiwa muda. Taa ilipogeuka kijani nilifunga geti la nondo la karakana yangu hapa Jeppestown, nikabaki ndani.

Nilijua walichofuata. Alhamisi nilikuwa nimemwambia mke wangu, baada ya miaka ishirini na minne ya ndoa, kwamba nimempenda mtu. Kiswahili hakisemi kama mtu huyo ni mwanamke au mwanamume, nami nikajificha humo. Mke wangu, ambaye ni wa Lubumbashi, hakuniuliza zaidi. Aliwapigia simu kaka zake wawili. Nikajifunga kwa jambo moja: atakayeniuliza nitamjibu kwa neno lenyewe, na nikishalisema silirudishi. Nina miaka hamsini na mitatu na sikuwahi kulitamka juu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelitazama kwenye kamusi zaidi ya mara moja. Maana ya kwanza: jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike. Maana ya pili: mimi.

"Jina lake nani?" Kaka mkubwa aligonga geti kwa bomba la chuma. "Huyo mwanamke, jina lake nani?"

"Hakuna mwanamke."

"Unatudanganya, bofrere!" Ndivyo wanavyoniita, kwa Kifaransa chao cha shemeji.

"Hakuna mwanamke," nikasema. "Mimi ni shoga."

Bomba likanyamaza. Kisha nikamsikia akimwambia mdogo wake: "Rudi nyuma! Anasema eko na shoka!"

Mdogo alikuwa tayari amejibanza nyuma ya gari.

"Bofrere," mkubwa akaanza upya, kwa sauti ya mtu anayeongea na mbwa asiyemjua, "weka shoka chini. Sisi tulikuja kusema tu."

"Na hilo bomba?"

"Bomba ni ya kugonga mlango."

Mimi hutengeneza makochi. Ndani mlikuwa na nyundo, mkasi na koleo. Shoka sijawahi kumiliki. Kwa kama dakika tatu shoka hilo lisilokuwepo lilinilinda vizuri kuliko geti. Ningenyamaza, wangeondoka. Neno lingekuwa limesemwa bila kusikika, nami ningejidanganya kwamba nimetimiza ahadi. Nililiogopa hilo kuliko bomba.

Nikatoa mikono yote miwili kati ya nondo, viganja wazi. "Sina shoka. Nimesema shoga. Kwa ge, si kwa ke."

"Shoga ni nini?" mdogo akauliza kutoka nyuma ya gari.

"Mwanamume anayependa wanaume wenzake."

Wakatazamana.

"Pede?" mkubwa akauliza.

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema pede!" akafoka, kwa hasira ya mtu aliyepotezewa wakati, na akalishusha bomba kwenye mkono wangu wa kulia.

Vidole viwili vilivunjika. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Kufuli lilivumilia mapigo sita. Mdogo alichukua mkasi wangu akachana makochi matatu ya wateja. Mkubwa alipindua cherehani, kisha akanipindua mimi. Alinipiga mateke ya mbavu bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari. Jino likang'oka. Kila baada ya mateke machache aliinama.

"Ulisema nini?"

"Shoga."

"Hapana! Ulisema shoka. Sema ni shoka, tutaambia dada vile, mambo inaisha."

"Shoga."

"Shoka!"

"Ge," nikasema, na damu ikanipalia kwa sababu nilikuwa nimeanza kucheka.

Haukuwa ushujaa. Miaka yote nilipoiwazia saa ile niliona machozi, maombi, labda kisu. Sikuwahi kufikiri ingekuwa kipindi cha imla.

Mdogo naye akacheka, akiwa bado ameshika mkasi. "Yaya, acha," akamwambia, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. "Huyu atakufa na ge yake."

Mkubwa alinipiga teke moja zaidi, dhaifu, la kujilindia heshima. "Nitamwambia dada ulikuwa na shoka."

"Mwambie unavyotaka. Mimi nitamwambia nilivyosema."

Nilimwambia jioni hiyo hiyo kwa simu, nikiwa kliniki, vidole vimefungwa kwenye kibao. Nilitamka neno, nikaeleza maana ya pili. Nilisikia akifuta pua.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Na mimi siku mbili natafuta mwanamke wako kwenye kwaya. Nimenunia masoprano yote bure."

Kisha akalia, nami nikalia, mbavu zikauma. Hakusema nirudi nyumbani. Hakusema nilirudishe neno.

Cherehani, randi elfu nne na mia nane. Vitambaa vya wateja, elfu sita mia moja na hamsini. Kufuli, mia nne na ishirini. Kliniki na jino, elfu tatu na mia tisa. Jumla ya hasara: randi elfu kumi na tano, mia mbili na sabini.