Bei ya Getini

Kwa miaka miwili nilikuwa napanga bei ya bustani kabla sijaiona bustani yenyewe. Nilisimama nje nikaangalia geti. Geti jeusi la kuteleza, askari mwenye redio, waya wa umeme juu ya ukuta: laki moja. Geti lenye kutu na kengele isiyolia: elfu thelathini. Nikifunguliwa nilikuwa tayari na jibu, na jamani, nilijiona mtaalamu! Wengi wetu tunaopanda nyasi huku kwenye mitaa ya matajiri, Lavington na Hurlingham, tulifundishana hivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na chai. Kabla ya kujitegemea nilikuwa nimeajiriwa kutunza bustani ya tajiri mmoja, mama wa Lavington, kwa miaka kumi na moja, na chai yangu nilinywea nje kwa kikombe cha bati. Sasa nimekuja kama fundi, mwenye nyumba ananikaribisha barazani na kunimiminia chai kwenye kikombe chenye sahani. Moyo wote unalainika. Kabla kikombe hakijafika nusu, laki imekuwa sabini. Mkate ukiletwa, sitini.

Kazi ya Hurlingham ndiyo iliyonivua nguo. Ulikuwa uwanja mdogo nyuma ya jengo la fleti, na bei yangu ilikuwa elfu arobaini na tano, baada ya chai na maandazi. Nililipa vibarua, nikalipa lori la mbolea, nikalipa nyasi. Siku ya mwisho nilibaki na mia sita mfukoni, na bado nilikuwa na furaha kwa sababu wapangaji walikuwa wanapigia picha nyasi zangu. Wiki tatu baadaye robo yake ikakauka. Katika kazi yetu, kinachokauka ndani ya miezi mitatu anakipanda upya kwa gharama yake aliyekipanda. Nilipanda upya kwa pesa za karo ya watoto.

Wiki hiyo hiyo yule tajiri wangu wa zamani akanipigia simu.

"Huyu nimeandika kazi hajui kukata ua," akasema. "Rudi. Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi, halafu naandika mwingine."

Niliona aibu jinsi nilivyofurahi. Mshahara ni mshahara. Lakini kurudi kulikuwa na maana ya kuuza toroli na majembe yangu, na kuitwa tena shamba boi na mvi hizi kidevuni.

Nilimweleza mke wangu nikitarajia aniambie nirudi. Yeye ni fundi wa nguo, ana kibanda cha cherehani mbili Kawangware. Hakunihurumia hata kidogo.

"Ushawahi kuniona nikikata kitambaa kabla sijapima mtu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Na wewe mbona unakata kwa macho kila siku?"

Akafungua daftari lake na kunionyesha hesabu ya gauni moja. Kitambaa, uzi, zipu, vifungo, stima, kodi ya kibanda, hata sindano inayovunjika. Chini yake aliandika malipo yake ya siku mbili. Na chini ya hayo kulikuwa na mstari mwingine: faida.

"Si hayo malipo yako ndiyo faida?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Malipo ni ya mwenye ameshona. Faida ni ya kibanda. Cherehani ikiharibika, kibanda kitanunua ingine na nini?"

Nilisisimka mwili mzima. Nikamnyang'anya kalamu palepale nikaanza kuandika ya kwangu: boda, maji, chakula cha vibarua, mpini unaovunjika, nyasi zitakazokauka, siku ninazozunguka kuangalia kazi nisizopata. Nilipofika kwenye malipo yangu nikasimama. Kwa miaka miwili sikuwahi kujilipa hata siku moja. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Siku chache baadaye nikaitwa Muthangari, kwenye nyumba iliyokuwa imemalizika kujengwa juzi tu. Geti lilikuwa la mbao nzito, na macho yangu yakaanza kazi yao ya zamani: laki na kumi. Nikayakataza. Nikatoa tepu ndefu niliyoazima kwa fundi wa mjengo, nikapima uwanja wote, kona kwa kona, nikaandika. Kisha nikachukua jembe nikachimba. Juu kulikuwa na udongo mwekundu mzuri ajabu. Kina cha kiganja kimoja tu, jembe likagonga tofali. Nikachimba mahali pengine patatu: saruji iliyoganda, vigae, mifuko. Waliojenga walikuwa wamefukia takataka zao zote pale. Nusura nipige kelele kwa furaha, kwa sababu hasara hiyo ningekutana nayo siku ya kupanda, na sasa nilikuwa naiona mapema, kabla sijataja hata shilingi.

Mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu, akaleta chai. "Ni pesa ngapi, fundi?"

"Nitakuletea kesho, mama, ikiwa imeandikwa."

Alishangaa. Mimi mwenyewe nilishangaa. Nikanywa vikombe viwili na mkate juu.

Kesho yake nikampelekea karatasi yenye kila kitu, kama daftari la mke wangu, mpaka ule mstari wa faida. Sikujua kwamba mteja haonyeshwi mstari huo. Nilipomsimulia mke wangu baadaye alishika kichwa.

Mama alisoma akifuata kwa kidole. "Umeshajilipa hapa juu. Sasa hii faida ni ya nini?"

"Ni ya kazi yenyewe, mama. Toroli ikivunjika, nisikuje kukukopa."

Midomo yake ilicheza kidogo, lakini hakucheka. "Kuna mwingine alikuja jana. Yeye alisema elfu tisini. Wewe unaniambia laki moja arobaini na mbili."

Chai ilikuwa mbele yangu inafuka mvuke. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka useme mia ipungue hapa, elfu ipungue pale. Nikakumbuka kile kikombe cha bati.

"Alichimba?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo wa tisini."

Akafikiria. "Hakuchimba. Alisimama tu hapo kwa geti."

Nilimfahamu mtu huyo vizuri sana, ingawa sijawahi kumwona. Nikampeleka mama kwenye mashimo yangu manne. Alichungulia moja baada ya jingine, akasema neno kuhusu mjenzi wake ambalo sitaliandika hapa. Kisha akaniambia nianze Jumatatu.

Tulitoa malori matatu ya vifusi. Siku nilipolipwa nilitenga pesa za nyasi zitakazokauka, nikalipa vibarua, nikajilipa mimi, na bado zilibaki elfu kumi na nane ambazo hazikuwa na mwenyewe ila kazi. Nilizihesabu mara tatu nikiimba. Mke wangu akaniambia ninyamaze, majirani wanasikia.

Siku ya mwisho ya mwezi nilikwenda Lavington. Tajiri wangu akanikaribisha barazani, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na chai ikaja kwa kikombe chenye sahani.

"Kwa hivyo unaanza lini?"

"Sirudi, mama. Nimekuja kukuambia mwenyewe, nisikuambie kwa simu."

Akaangalia ua wake uliokuwa umeota vibaya kila upande. "Na huu atakata nani?"

"Mimi, ukitaka. Lakini kama fundi."

"Haya basi. Utanifanyia pesa ngapi?"

Ua ule niliukata miaka kumi na moja. Urefu wake naujua kwa mabega yangu. Na bei ilikuwa tayari ulimini, ndogo, ya shukrani, ya chai. Nikaweka kikombe chini, nikatoa tepu mfukoni, nikavuta ncha yake na kumpa.

"Nishikie hapa, mama," nikamwambia.

Akasimama, akashika.