Mfalme Aliyewalazimisha Watu Kulia

Majira yale ya baridi nilimsomea mama riwaya ya kihistoria juu ya kuinuka kwa mfalme mmoja wa Wazulu. Niliiazima maktaba ya Barking, mtaa wa ughaibuni tuliokuwa tukikaa. Mama hakujua Kiingereza, na mimi skuli niliiacha mapema, mambo yalipoharibika Unguja. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Siku za kazi nilisoma sura moja kwenye treni, nikayatafuta maneno magumu katika kamusi. Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, nilimsimulia sura hiyo kwa Kiswahili, kitabu kikiwa wazi mapajani ili nisiongeze langu.

Dada yangu hakupenda. Alikuwa akija kutoka Wembley na vyombo vya chakula, akasimama mlangoni na koti lake.

"Kaka, mikuki tu na watu kuchinjwa. Mama mgonjwa huyu."

"Mwache asome," mama alisema. "Wewe unaniletea biriani haina chumvi, nimesema kitu?"

Dada aliogopa kwa sababu niliyoijua. Baba alichukuliwa nyumbani wiki ile ya mapinduzi na hakurudi. Hatukuona maiti wala kaburi. Kila tulipomwomba mama tumsomee baba hitima, alijibu, "Hitima ya nani?" Tukaamini bado anamngoja. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, madaktari walishatuambia, na mimi nilichelea afe hivyo hivyo, akingoja.

Katika riwaya, mama alimfuata zaidi mamake mfalme, mwanamke aliyefukuzwa kwa mumewe na mtoto mkononi. Vita havikumshughulisha. Mfalme alipofupisha mikuki na kuwafundisha vijana kupigana kifua kwa kifua, mama alisinzia. Alipoamka aliuliza, "Mamake yuko wapi sasa?"

Tukafika sura ya kifo cha mamake. Mfalme aliamuru nchi nzima ilie. Watu walikatazwa kulima, maziwa yakamwagwa chini, na aliyeonekana macho yake makavu aliuawa papo hapo. Nilisimulia polepole, nikimtazama mama. Nilikuwa tayari kuacha.

"Huyo kawalazimisha watu kulia," mama alisema. "Sisi tulikatazwa."

Dada alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akafunga maji.

Mama akatueleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Siku ya tatu baada ya baba kuchukuliwa, mtu mmoja alipita mlango wa nyuma akamwambia ameshauawa, yeye mwenyewe ameona, na akamwonya asiweke matanga, kwani nyumba yenye matanga ilihesabiwa nyumba ya adui. Asubuhi yake mama alifagia uwanja, akajipaka wanja, akaenda kununua samaki. Majirani walimwona akicheka na muuzaji.

"Ulijua tangu siku hizo," dada alisema.

"Ningekaa eda ndani, mngekula nini? Na nyinyi wadogo, ningewaambia mngenyamaza?" Akanigeukia. "Nataka kukaa eda yangu."

Nilikwenda msikitini kumwuliza shehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwa upole kwamba eda ya mjane huanza kuhesabiwa siku mumewe anapokufa, ajue asijue, akae asikae. Miezi minne na siku kumi ya mama ilikwisha zamani sana. Haina haja tena. Nilirudi na jibu hilo, neno kwa neno.

"Mwambie ahsante," mama alisema. "Kwake imekwisha."

Alivua bangili, akaacha wanja na udi, akavaa nguo nyeupe zisizo na pambo. Hakutoka ila kwenda hospitali. Tulisoma hitima sebuleni, wanaume tukabanana ukutani, wanawake chumbani kwa mama. Walikuja Waunguja na Wapemba, wengine nisiowajua, wakidhani ni msiba mpya. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia mmoja akimwuliza, "Mumeo kafariki lini, bibi?"

"Wiki ya mapinduzi."

Nilitazamia mtu acheke au amsahihishe, lakini hakuna aliyefanya hivyo.

Mama hakuimaliza eda. Mwezi wa tatu wa eda hiyo moyo wake ulisimama asubuhi moja, kabla dada hajafika.

Siku ile ya hitima ya baba, watu walipokuwa wakivaa viatu, mwanamke mmoja wa makamo ya mama alinifuata kwenye ngazi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama shehe alisema kukaa eda baada ya miaka yote hii ni haramu, au alisema tu haina haja.

"Alisema haina haja," nilimjibu.

"Basi," akasema. Akashuka akishika ukuta, na mwanawe chini akimwita kwa Kiingereza afanye haraka, gari limesimama pabaya.