Povu kwenye Masharubu ya Mwalimu

Juzi, hapa Makambako, binti yangu alikuwa akisoma manga kwenye simu, zile hadithi za katuni za Kijapani. Akaniuliza, "Mama, huyu mwalimu ni mwongo, lakini anamlinda mwanafunzi wake. Anampenda au anamtumia?"

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa hesabu kule Kifanya. Mchana mmoja wa manyunyu nilichelewa kurudi darasani, nikamkuta kwenye mianzi nyuma ya shule, masharubu yana povu jeupe. Nilidhani ni maziwa, ingawa yalinuka uchachu. Nikamwamkia, tukaongozana. Mlangoni mwalimu mkuu alikuwa akiwasubiri wachelewaji na fimbo. Mwalimu wangu akafuta mdomo, akawahi kusema, "Huyu mwache, Mkuu. Nilimtuma mimi."

Niliamini ananipenda kuliko wanafunzi wote. Leo najua lile povu lilikuwa la ulanzi, pombe ya mianzi, na kwamba alikuwa akinifunga mdomo.

"Anamtumia," nikamjibu binti yangu.

Kisha nikakumbuka kwamba mwalimu mkuu alipoondoka, yule mlevi wangu aliniona natetemeka, akavua sweta lake akanivika, akafundisha hadi jioni na shati tu kwenye baridi ile. Kama alitaka ninyamaze tu, sweta lilikuwa la nini?