Kidole Changu Kutoka Matemwe hadi Nungwi

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikishika usukani. Leo ukifika Matemwe ukauliza gari za Sudi, hata mbuzi atakuonesha. Skuli niliachia darasa la nne, na gari zote tatu nimezitoa kwenye mikono hii, sikurithi hata tairi. Siku ile nilikuwa na moja tu, na majivuno ya kujaza kumi.

Asubuhi ilikuja simu kutoka Nungwi: kaka yake Bi Mize amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri. Bi Mize ni jirani yetu, aliyenilea mama alipokuwa akishinda pwani kwenye mwani. Alitaka jambo moja tu, amuone kaka yake uso. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Asipomkuta nyumbani, basi tena.

Majirani walikuwa wanaondoka na gari kwenda mazikoni, wakamwita. Nikawazuia. "Bi Mize wa kwangu huyu, tangulieni!"

Nungwi nilizoea kwenda kwa ngalawa. Gari yangu ilijua njia ya mjini tu, sokoni Darajani. Lakini nilikuwa nimeiona ramani ukutani, kwenye hoteli niliyokuwa nikiipelekea samaki: Matemwe hapa, Nungwi pale, kati yao kidole kimoja hakijai.

"Kunywa chai yako, bibi. Nungwi hapo tu, nshapima."

"Umeshawahi kwenda kwa gari?"

"Ramani haina sababu ya kunidanganya."

Kumbe kidole changu kilipita angani, kama kunguru. Njia ya pwani niliyoidhania ikaishia kwenye mawe na vichaka. Nikageuza. Barabara ya lami ikaturudisha ndani ya kisiwa mpaka Kinyasini, Nungwi tumeipa mgongo, ndipo tukaanza kupanda kaskazini. Adhana ya adhuhuri ilitukuta Mkwajuni.

"Sudi, ndiyo hapo tu hii?"

Nikakanyaga mafuta.

Tulipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka. Bi Mize akakaa mkekani, akaufuta uso kwa kanga. Mimi nikasimama mlangoni na ufunguo wangu.

"Sudi."

"Naam, bibi."

"Njoo ule, hujatia kitu tumboni tangu asubuhi." Akanisogezea sahani ya wali, kisha akasema polepole, "Kunipenda nnajua unanipenda. Lakini ungesema hujui njia, ningepanda na wenzangu, nikamuona kaka yangu."

Hakupaza sauti, na mkono wake ulikuwa begani kwangu. Bora angenichapa.

Basi mwanangu, wewe una simu inayokuonesha dunia nzima. Itazame, kisha muulize aliyeipita njia ile mwenyewe, kwa gari au kwa miguu yake. Na mtu akikukabidhi siku yake ambayo haitarudi, usimjibu kwa majivuno. Mwambie sijui. Neno hilo nililionea aibu, na aliyelipa ni Bi Mize.

Mola akufikishe kwa wapenzi wako nyuso zao zingali wazi, na wao wafurahi kukuona. Amin.